UZI: Kupiga picha za ndege na maisha ya kawaida ukitembea kwa miguu Malindi, msimu huu wa tanga mbili

njia_ya_sabaki

Salaam wadau. Huu uzi nimekaa nao kichwani tangu mwezi wa tisa, leo nimesema naandika. Kusi imelegea, wenye mashua wanasema hii ni tanga mbili, yaani asubuhi waamka bahari imelala kama mafuta na alasiri upepo waja kutoka upande usioutarajia, na kwangu mimi hakuna msimu mtamu kama huu wa kutembea na kamera hapa Malindi. Sio Disemba wakati mji umejaa. Ni sasa hivi, Oktoba mpaka vuli ikolee.

Huu ni mwaka wa nne natembea njia moja tu. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, boda mpaka daraja la Sabaki, hapo nashuka nafuata mto upande wa kaskazini, napita mashamba ya mahindi na minazi, halafu yanakuja matope, halafu mchanga, mpaka pale mto unapoingia baharini. Mtu wa haraka atafika upesi tu. Mimi yanichukua asubuhi nzima kwa sababu nasimama sana.

Wengi wetu tumezaliwa hapa na tunaujua Sabaki kwa ubaya wake, kwamba kaskazi ikivuma yale maji mekundu yanasukumwa kuja ghuba ya Malindi na bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Ni kweli. Mto wenyewe unatoka mbali, kule juu waitwa Athi, ukishuka waitwa Galana, na kote huko unakokota udongo wa bara. Lakini huo udongo ukitua pale mlangoni mwa mto ndio unakuwa tope, na ndani ya hilo tope kuna minyoo na vikaa na vikonokono vidogo vidogo, na hiyo ndiyo meza ya ndege. Ndio maana wanatoka huko walikotoka wanakuja kutua hapa kwetu. Kuna mmoja mdogo, mdomo wake umepinda kidogo kwenda chini, wa jamii ya chamchanga, huyo mwezi wa sita alikuwa Siberia kule kwenye barafu anatotoa. Uzito wake ni kama yai moja la kuku. Wale wa kwanza kufika mwezi wa nane bado huwa na rangi ya kutu kifuani, sasa hivi wameshageuka kijivu karibu wote, kwa hivo ukimpata mmoja ambaye kutu haijaisha piga picha upesi manake wiki mbili zijazo humpati tena vile.

Mwaka wa kwanza niliwakimbilia. Nilikuwa na lenzi ya kuvuta mbali, 70-300, niliyonunua kwa mtu, nikaona sasa nishakuwa mpigapicha, nikawa nawafuata mchangani hatua kwa hatua, wanaruka wanatua mbele, nafuata tena, wanaruka. Nikarudi nyumbani na picha mia tatu na ushei, zote migongo na mikia. Wiki ya pili vile vile. Siku moja nilichoka nikaketi tu kwenye mchanga pembeni ya kidimbwi, nikaweka kamera mapajani nakunywa maji. Haikufika hata dakika arubaini wale wale wakaanza kurudi wenyewe, wanakula, wanasogea, mpaka mmoja akawa karibu hivi kwamba lenzi inakataa kufokasi. Nilisahau hata kubonyeza. Tangu siku hiyo sikimbizi ndege, nafika, nachagua mahali jua liko mgongoni kwangu, nakaa chini kabisa, kamera karibu na mchanga ili macho yangu na macho yake yawe usawa mmoja, halafu nasubiri.

Na nikwambieni kitu, ile njia ukiirudia rudia hata watu wanabadilika. Mwanzo nilikuwa yule jamaa wa kamera. Sasa mama anayekaanga mahamri pale karibu na daraja ananiwekea mawili kabla sijafika, mgema wa upande wa pili ananiita nikaone vile kanga la mnazi limekatwa, watoto wa skuli wamezoea hawajipangi tena mbele yangu kufanya vidole. Picha zangu nzuri kuliko zote za mwaka jana si za ndege. Ni ya mgema akiwa juu kabisa na kibuyu kiunoni, jua ndio linachomoza, na ya mama mmoja mzee aliyevaa hando, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, anavuka kidimbwi na kuni kichwani huku heroe (flamingo) kama ishirini hivi wamesimama nyuma yake na hawana habari naye. Wamemzoea. Mimi bado hawajanizoea hivo.

Nataka tupeane uzoefu hapa. Unatembea wapi, unapiga nini, unapiga na nini. Karibuni.

kisumundogo_original

Uzi mzuri sana huu. Sasa swali langu bro, sisi wa simu tuna nafasi? Manake nikivuta zumu ndege anakuwa kama doa la chai kwa karatasi.

njia_ya_sabaki

Nafasi iko kubwa tu. Kwanza usivute zumu ya simu kupita ile ya lenzi yenyewe, zaidi ya hapo simu inakata picha na kuitanua tu. Fanya vitu viwili. Cha kwanza, geuza fikra, badala ya ndege ajaze fremu, mpige akiwa mdogo ndani ya mahali pakubwa, ule mchanga, wingu la vuli limesimama baharini, mto mwekundu, na yeye mmoja hapo katikati amesimama kwa mguu mmoja. Simu inapiga picha za namna hiyo vizuri kuliko lenzi yangu.

Cha pili, tafuta darubini. Hata ya kuazima. Ukiweka kamera ya simu kwenye tundu moja la darubini, pale unapoweka jicho, ukaishika isitingishike, unapata picha ya ndege aliye mbali ajabu. Mikono itatetemeka siku za mwanzo, egemeza darubini kwenye fimbo au kwenye gogo. Yule mwewe wangu niliyempost mwaka jana mkaniuliza lenzi gani, ilikuwa simu na darubini ya kuazima.

Na uwahi. Hapa kwetu jua lachomoza kabla ya saa kumi na mbili kidogo na halichelewi kupanda. Una saa moja na nusu ya mwanga mzuri, basi. Ikifika saa tatu mchanga umeshapata moto na mazigazi yameanza, ukipiga kitu cha mbali hata na kamera ya mamilioni picha inatoka kama imepigwa ndani ya maji. Watu wanalaumu lenzi kumbe ni ile hewa ya moto.

baridi_huku

Nawasoma nikiwa Uingereza, nimezaliwa Shela ya Malindi, huku ni mwaka wa tisa. Uzi huu umenitoa machozi kidogo kusema kweli.

Huku sasa hivi ndio ule msimu majani yanageuka. Watu wa nyumbani huniuliza kama majani yanapakwa rangi au vipi. Ni kwamba siku zikifupika na baridi ikianza mti unaacha kutengeneza ile rangi ya kijani, ikiondoka ndio inaonekana manjano iliyokuwa chini yake muda wote, na miti mingine inatengeneza nyekundu juu yake. Mimi na mwanangu tunatembea kila Jumapili njia ya mashambani nyuma ya mji wetu, matope, ukungu, kuta za mawe, kondoo. Na faida moja kubwa kwa mpigapicha, jua la huku mwezi huu halipandi juu, linakaa chini chini siku nzima, kwa hivo ule mwanga mnaopata nyinyi saa moja na nusu sisi twaweza kuupata mpaka adhuhuri, kama mawingu yameruhusu. Mara nyingi hayaruhusu.

Wanyama wa huku wakubwa ni wale wanaofanana na swala, wekundu, wenye pembe za matawi, Oktoba ndio madume wanapigania majike, wananguruma alfajiri utadhani ni simba kwa mbali. Hawasogelewi wakati huo, wana hasira, watu wanapiga kutoka mbali sana. Lakini ninayempenda mimi ni kandege kadogo kenye kifua cha rangi ya chungwa, hako ukilima bustani kanakuja kusimama karibu na jembe kusubiri minyoo. Hakaogopi. Mwanangu anakaita rafiki ya baba.

Swali langu kwa wajuzi. Mwezi wa tisa nilipiga picha mbayuwayu wamejipanga kwenye waya wa stima hapa kijijini, mamia, wiki iliyofuata hakuna hata mmoja. Hao ndio wanakuja Malindi? Nilimwambia mwanangu wanakwenda kwa bibi yake.

mida_mpaka_lini

@baridi_huku pole na hongera kwa kumtembeza mtoto. Mimi naongoza wageni kutazama ndege upande wa Mida, ule mkono wa bahari wenye mikoko, huu ni mwaka wa kumi na tatu, nikujibu.

Mbayuwayu wa Uingereza wengi wao wanakwenda mpaka Afrika Kusini. Hilo lilijulikana zamani sana, mwaka 1911 mwezi wa tano mbayuwayu mmoja alivishwa pete ya chuma mguuni kule Staffordshire, na Disemba 1912 akapatikana Natal akiwa na pete yake. Ndio mara ya kwanza watu kuwa na ushahidi wa mkononi. Wetu hapa pwani wengi wanatoka mashariki zaidi ya hapo. Kwa hivo wale wa waya wako si lazima wawe hawa wa waya wa hapa, lakini ni ndege wa aina ile ile, na wanajipanga vile vile. Nenda mbele umwambie mtoto wanapita kwa bibi, mbayuwayu hawezi kuja bara hili asiwe amepita kwa bibi ya mtu.

Na hiyo habari ya kandege cha kwenye jembe imenifurahisha sana. Arabuko Sokoke tuna ndege kifua rangi ya chungwa vile vile, naye anamfuata sange, mnyama mwenye pua ndefu anayefanana na panya. Sange yule mkubwa mwenye makalio ya manjano ya dhahabu, ambaye dunia nzima makao yake makuu ni msitu huu wetu. Sange anafukua majani makavu kutafuta wadudu, ndege yuko nyuma yake hatua mbili anaokota waliokurupuka. Kazi ile ile ya jembe lako.

Sasa kwa wapigapicha wa Mida. Kosa la watu wengi ni kuja maji yamekupwa. Maji yakikupwa ndege wametawanyika huko kwenye tope mbali, wewe uko kwenye daraja la mbao la mikokoni unatazama vinukta. Njoo maji yanapojaa. Yakipanda yanawasukuma ndege taratibu kuja upande wako, wenyewe, bila wewe kufanya lolote. Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa jioni saa kumi, saa kumi na moja hivi, na hapo jua nalo limeshuka, ndio ukae uvumilie. Tuna yule mweupe na mweusi mla kaa, mdomo mnene kama wa kasuku ulionyooka, anatotoa mashimoni kwenye mchanga kule Somalia na pwani za Uarabuni, halafu anakuja kukaa kwetu mpaka mwezi wa nne. Ukimpiga huyo punguza mwanga wa kamera kidogo, ule weupe wake kamera inauunguza, unapata shati nyeupe isiyo na manyoya. Jioni ikikolea keremkerem wekundu wanakuja kulala kwenye mikoko, makundi makundi. Nimeona wageni wamekuja na vifaa vya bei ya nyumba wakaviweka chini wakawa wanatazama tu kwa macho.

risasi_moja

Mimi sikubaliani na mwenye uzi kwa jambo moja. Ndege akiwa amesimama picha ni ya kawaida, kila mtu anayo. Picha yenye nguvu ni wakiruka wote pamoja, mabawa, maji yanarushwa. Mimi nikifika natuma kijana aende upande wa pili awashtue, nimesimama tayari, spidi ya shata 1/2000, napata kitu. Ndege wanaruka wanatua, hawafi.

mida_mpaka_lini

Ndugu yangu sikushambulii, lakini hili nalijibu kwa uchungu. Ndege aliyefika jana kutoka Siberia amekula mafuta yake yote ya mwilini njiani. Amefika mkavu. Ana masaa machache tu ya kula kila maji yanapokupwa, kisha maji yajaa anasubiri tena. Kila ukimrusha unamtoa mezani na unamtumia nguvu ambazo hana. Na sio wewe peke yako, baada yako yuko mwingine, na mbwa, na pikipiki za mchangani, na boti ya wageni. Mwaka juzi kuna boti ilikuwa ikija kila jioni, sitaitaja ya nani, inapita kasi makusudi pale wanapolala ndege ili wageni wapate picha ya kundi likiruka. Ndani ya wiki tatu kundi lilihama pale. Wageni waliokuja mwezi uliofuata hawakukuta kitu, na sisi tunaokula kwa hao ndege tukakaa bure.

njia_ya_sabaki

@risasi_moja na mimi nakubali picha ya kuruka ni tamu, ninazo. Lakini wanaruka wenyewe! Mwewe akipita juu wanaruka wote. Wimbi likija wanaruka. Furukombe akitokea ndio kabisa, hata heroe wanainuka. Mimi nikishakaa naangalia juu zaidi kuliko mbele, nikiona kivuli cha mwewe naweka jicho kwenye kamera. Na picha hiyo ina tofauti, ndege wote wamegeuka upande mmoja na wamejikusanya kama kitambaa. Wakishtuliwa na mtu mara nyingi wanatawanyika hovyo kila mmoja na njia yake, mtu anayejua huweza kuona tu kwenye picha kwamba hapa kuna mtu aliwakimbiza.

risasi_moja

Hiyo ya boti sikuijua. Hiyo ya mwewe nitaijaribu.

mwana_wa_amu

Salaam kutoka Lamu. Huku kwetu kutembea sio jambo la kuamua, vichochoro vya mji wa kale gari haziingii, ni miguu au punda, na baharini mashua. Kwa hivo wapigapicha wako wengi kama nzi, kila mmoja yuwataka picha ya punda kwenye kichochoro. Nimekaa nikawaza kwa nini zile picha zote zafanana. Nadhani ni kwa sababu wanapiga saa tano mchana. Vichochoro vyetu ni vyembamba na kuta ni ndefu, jua la saa tano laingia kama kisu, upande mmoja mweupe kabisa upande mwingine giza. Nendeni baada ya alfajiri, wakati watu wametoka msikitini na mwanga bado ni wa buluu, ama jioni ukuta mmoja ukiwa unaangaza mwenziwe.

Kubwa ninalotaka kusema ni la watu. Wazee wakikaa barazani pale wako nyumbani kwao, baraza ni sebule iliyo nje. Huwezi kusimama mbele ya sebule ya mtu ukaelekeza lenzi. Unasalimia, unaamkia, unaketi ukiambiwa keti, unapewa kahawa. Kamera ikae kwenye mkoba. Mimi ni mwenyeji na bado nafanya hivo. Na akina mama usipige kabisa bila ruhusa, awe na buibui au leso, awe mbali au karibu, usiseme "sikumpiga uso". Watu wanatambuana kwa mwendo.

bintigede

Asante sana @mwana_wa_amu kwa hilo la mwisho.

Mimi ni mwanamke natembea na kamera Gede na upande wa msituni, na niseme mawili matatu ambayo hayajasemwa. Kwanza sitembei peke yangu, natembea na dada yangu au na muongozaji wa msitu, na kwa Arabuko ningewaambia wote, mwanamume kwa mwanamke, chukueni muongozaji. Sio uoga. Msitu ule una ndovu, ni kilomita mraba mia nne na ushei, na njia za mchanga mweupe zinafanana zote. Halafu muongozaji anajua kabundi kale kadogo ka Sokoke kamelala mti gani leo. Wewe ungepita chini yake mara kumi, manake kamefanana na jani kavu. Ukiona mtu anapiga sauti ya bundi kwa simu ili kamjibu, mwambie aache, kale kanadhani ni adui kameingia kwake na hakalali tena.

Sange sijawahi kumpata vizuri, miaka mitatu. Unamsikia kwanza, krrr krrr kwenye majani makavu, unasimama, unaona mdomo mrefu, unainua kamera na yeye ameshaondoka, unabaki na ile rangi ya dhahabu ikipotea. Nina picha moja ambayo yuko nusu nyuma ya mzizi, jicho lake limeingia kwenye fokasi. Nimeitundika jikoni.

Kwa wanaoanza, njooni magofuni Gede. Njia ni fupi, kivuli kipo, na kima wapo juu ya kuta za mji ulioachwa na watu karne kadhaa zilizopita. Kima ni mweusi mweusi na chini ya miti ni giza, kwa hivo kinyume na yule ndege mweupe wa Mida, hapa ongeza mwanga, la sivyo unapata kivuli chenye macho mawili. Na msiwape ndizi wadau. Wanaowapa ndizi wanapata picha ya kima na mkono wa mtu, na kesho yake kima anamnyang'anya mtoto mkoba.

kisumundogo_original

Sasa na viboko? Manake naskia Sabaki wapo na mwenye uzi hajasema kitu.

njia_ya_sabaki

Kweli, ilifaa niseme mwanzo. Wapo, na mamba pia. Kiboko usiku anatoka kula nyasi na mashamba ya watu, alfajiri anarudi majini, na hiyo ndiyo saa yetu ya kutembea. Usikae kati yake na maji. Nikishuka pale kwanza nauliza wenyewe, wavuvi na wenye mashamba, leo wako wapi. Wanajua, usiku wamewafukuza kwa debe na moto. Natazama nyayo na mavi mabichi. Kama nyayo zinaelekea vichakani na hazijarudi, sipiti, nakaa darajani napiga watu wanaokwenda kazini mpaka jua lipande. Kwenye maji ya mto siingii hata ya magoti.

Nimeongea habari za wavuvi, acha nisimulie hili kisha nikalale.

Mwaka wangu wa pili kulikuwa na mzee mmoja pale mlangoni, anatengeneza nyavu kila asubuhi chini ya mkoko, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, vidole vyake vimekakamaa lakini sindano ya nyavu inakwenda kama anaandika. Nilimwomba nimpige. Akaniangalia muda. Akaniuliza, "Hizi picha zenu huwa zaenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia ziko kwenye simu, kwenye intaneti. Akasema sawa piga, lakini nilijua hajaridhika, na mimi sikuridhika.

Wiki ile nikaenda kuchapisha ile picha mjini, saizi ya kitabu, nikampelekea ndani ya bahasha. Hakusema mengi. Aliitazama, akaigeuza nyuma akaona ni nyeupe, akanipa kalamu yake ya kuhesabia samaki akasema andika tarehe. Nikaandika. Akaiweka ndani ya kofia.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata nilikaa wiki sita sikwenda kwa sababu ya mvua. Niliporudi ndoo ilikuwa pale imepinduliwa, hakuna mtu. Mjukuu wake akaniambia mzee alifariki, na akanichukua mpaka kwao. Ile picha ilikuwa ukutani ndani ya fremu ya mbao. Mama mmoja, nadhani ni binti yake, akaniambia siku ya matanga walitafuta picha nyumba nzima, wakapata ya kitambulisho tu, ile ndogo ambayo mtu anaonekana kama ameshtakiwa, ndipo mmoja akakumbuka kofia. Watu wote waliokuja kuzika walimwona vile alivyokuwa, na sindano mkononi.

Hakunishukuru sana wala mimi sikutaka. Aliniuliza tu kama ninazo nyingine. Nilikuwa nazo kumi na moja. Nilizopiga kwa haraka, nyingine hazina fokasi, moja mkono tu. Nilizichapisha zote.

Sasa hivi natembea na bahasha kwenye mkoba pamoja na kile kitambaa cha kufutia lenzi. Kila mwezi nachapisha za watu niliowapiga, hazizidi kumi, napeleka.

baridi_huku

Nimesoma hii nikiwa kwenye basi. Marehemu babangu alikuwa mvuvi Shela na picha yake moja ninayo, ya pasipoti ya zamani. Mungu akubariki ndugu.

mwana_wa_amu

Amina. Mola amrehemu mzee.

bintigede

@njia_ya_sabaki nachapishia wapi zisichujuke? Za kwangu zimekuwa za manjano baada ya mwaka, nilitundika karibu na dirisha.

njia_ya_sabaki

Dirisha ndilo limezimaliza, na hewa yetu ya chumvi. Waambie wakuchapishie kwenye karatasi ya picha yenyewe ya studio, si karatasi ya ofisi iliyopitishwa kwa printa ya wino wa maji. Halafu zikae mbali na jua. Na kamera nayo, maadamu tumegusa chumvi, ukirudi kutoka mlangoni mwa mto usiifute kwa kitambaa kikavu, ile mchanga utakwangua kioo. Puliza kwanza, kisha kitambaa chenye unyevunyevu kidogo, kisha kikavu. Lenzi usibadilishe ufukweni hata upepo ukiwa umelala.

kisumundogo_original

Mimi nimeshapata darubini ya kuazima. Lini?

njia_ya_sabaki

Jumamosi hii ni bamvua. Maji yatakuwa yamejaa usiku wa manane kuelekea alfajiri na yanakupwa asubuhi mpaka saa nne, saa tano, kwa hivo sisi tutafika ndio yanaanza kurudi nyuma na ndege wanayafuata. Darajani saa kumi na moja na nusu, nguo za rangi ya mchanga au kijani, nyeupe hapana, maji ya kunywa, kofia. Watu wasizidi sita. @risasi_moja karibu pia, njoo tukae.

risasi_moja

Nakuja. Peke yangu, kijana simleti.

bintigede

Mimi na dada tupo. Hayo mahamri mawili unayowekewa sasa mama awekewe oda ya watu sita.

njia_ya_sabaki

Nishampigia. Anasema tuje na bahasha yake, ana picha yake nilimpiga Ramadhani bado sijampelekea.